Bulli anaitwa Princess

KARIUKI: Karibuni tena, ni sisi wawili wale wale, Dada Hawa yuko jikoni kwake Coventry, hapa Uingereza, friji yake naisikia kama kawaida, mimi niko Reading ndani ya gari maana huko kwa nyumba watoto wamelala. Leo tulikuwa tumepanga mambo matatu ya usalama kwa wale wanaofanya kazi ya kea, kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, lakini dada amesema lazima tuanze na stori yake ya Jumanne.

HAWA: Lazima jamani. Ofisi wamenitumia anwani ya klayenti mpya, bibi mtu mzima, hatoki kitandani bila kushikwa, na kwenye maelezo wameandika "kuna mbwa, mpole". Nabisha hodi, anafungua mtoto wake wa kiume, na nyuma yake anakuja huyo mbwa, kichwa hiki, kifua hiki, bulli XL kabisa, ile aina kubwa ya American bully, hana kikapu cha mdomo, hana kamba, na kaka wa watu ananiambia usiogope, huyu ni Princess.

KARIUKI: (anacheka) Wacha! Princess?

HAWA: Princess. Nikamwambia mfungie chumba kingine niingie nimhudumie mama, hataki, anasema hapa ni kwake, kikapu ni cha barabarani. Na nimeenda kusoma, ni kweli, kikapu na kamba ni lazima hadharani tu. Kwa hiyo mtu anayesubiri basi amelindwa, mimi ninayeinama sebuleni kumvalisha mama yake soksi sijalindwa na chochote.

KARIUKI: Hapo si sawa dada. Tangu 2014 lile kosa la mbwa kushindwa kudhibitiwa linashika hata ndani ya nyumba ya mwenyewe. Akikuuma anashtakiwa, na mtu akifa mwenye mbwa anaweza fungwa mpaka miaka 14.

HAWA: Akishaniuma! Unasikia unachosema? Akishaniuma, nikishakufa. Mimi nataka sheria inayokuja kabla ya meno.

KARIUKI: Sawa, lakini kwa wanaotusikiliza kutoka Nakuru na Tanga tuwaeleze kidogo. Uingereza iko na sheria ya mbwa hatari ya 1991, ilikataza aina nne, pit bull terrier, tosa ya Japani, dogo argentino na fila brasileiro. Halafu Septemba 2023 Rishi Sunak akiwa waziri mkuu akatangaza na bulli XL ataingia, baada ya watu kuuawa na mbwa hao. Kuanzia tarehe 31 Desemba mwaka huo huwezi kumuuza, kumzalisha wala kumpa mtu, na kutoka tarehe 1 Februari 2024 kumweka bila cheti cha msamaha, yaani kibali cha kubaki naye, ni kosa, hapo naongea England na Wales. Cheti kilikuwa pauni 92.40, na lazima awe na chipu ya utambulisho, ahasiwe, umlipie bima.

HAWA: Na asizae. Hiyo ndiyo ninayoipenda, waliopo wanaishi mpaka mwisho wao, wapya hawaji. Wala si ukatili.

KARIUKI: Si ukatili? Serikali ilikuwa inalipa pauni 200 kwa mtu atakayekubali mbwa wake adungwe sindano alale moja kwa moja. Mbwa ambaye hajamgusa mtu, dada, analipiwa afe juu ya umbo lake.

HAWA: Ngoja, turudi kwa Princess kwanza.

KARIUKI: (anacheka) Hilo jina limenishinda. Sisi kwetu kila boma kulikuwa na Simba, kama si Simba ni Tomi, kama si Tomi ni Bosco. Na Simba mwenyewe unampata amelala chini ya ghala, mwizi anamruka.

HAWA: Kwetu Muheza mbwa hakuwa na jina la mbwa, alikuwa na ujumbe. Watu huku wanadhani naogopa mbwa kwa sababu ya dini, babu yangu alifuga mbwa wa shamba, nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi, na mbwa wa shamba hana ubaya. Sasa babu alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani, mbwa akamwita Mtasema. Kila jioni anasimama mpakani anaita, Mtasemaaa! Mtasema njoo! Mtasema kula!

KARIUKI: Ai! Na jirani?

HAWA: Jirani naye akatafuta mbwa akamwita Hatusemi.

KARIUKI: (anacheka sana) Hapana, hapana, ngoja. Hatusemi! Kwa hiyo jioni ni Mtasema, Hatusemi, Mtasema, Hatusemi...

HAWA: Kijiji kizima kinajua kesi ya mpaka kupitia mbwa. Na wale mbwa wenyewe ni marafiki, wanawinda pamoja, wanalala pamoja pale pale mpakani.

KARIUKI: Si umeona! Umenisaidia. Ugomvi ni wa wenye mbwa, mbwa hawana shida. Ndio nasema hivi, hapa Uingereza wanapima mbwa na tepu, dume akifika inchi 20 begani na kichwa kiwe kizito hivi, basi huyo ni XL, hata kama mama yake alikuwa mbwa wa mchanganyiko. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ni halali, mwingine ni haramu. Mashirika ya wanyama na mbwa yanapinga, RSPCA wanapinga, Dogs Trust wanapinga, Kennel Club wanapinga, na hao ndio wanaojua mbwa. Uholanzi walikataza pit bull mwaka 1993, wakaiondoa hiyo sheria 2008, serikali yenyewe ikasema kuumwa hakukupungua.

HAWA: Hao wote uliowataja hawaendi kwa yule mama asubuhi kumgeuza kitandani. Na sisemi mbwa mwingine hang'ati, Mtasema alishamng'ata shangazi yangu mguuni, akaoshwa kwa sabuni na maji mengi, akapelekwa kuchomwa sindano, leo ana wajukuu. Mbwa mdogo akikosea unashonwa. Huyu akikosea anakosea mara moja. Tofauti ni hiyo, wala si tabia, hata awe na tabia njema kuliko mimi.

KARIUKI: Umetaja sindano, basi hapo hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 59,000 kila mwaka wanakufa na kichaa cha mbwa, wengi Asia na Afrika, na karibu wote wameumwa na mbwa wa kawaida tu, Simba wetu, ambaye hajachanjwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakatika. Hiyo haitaki tepu, haiulizi kichwa ni kikubwa kiasi gani. Tunapigia kelele mbwa wa picha za kutisha tunaacha yule anayeua watoto wetu.

HAWA: Chanja wote, nani kakukataza? Lakini Coventry hakuna kichaa cha mbwa, kaka. Hapa kilichopo ni Princess na mlango umefunguliwa. Usinipeleke Nakuru kunijibu swali la hapa.

KARIUKI: Sikupeleki. Nasema leseni iwe kwa mwenye mbwa. Yule jamaa aliyekataa kumfungia mbwa chumbani, yeye ndiye hatari. Mpokonye bulli leo, kesho ananunua rotwaila, utasimama mlango ule ule.

HAWA: Na rotwaila atakuwa wa kumjadili kivyake. Leseni utamkagua nani? Wataalamu wa kukagua watu wako wapi? Mwenye tabia mbaya hajulikani mpaka yatokee, mwili wa mbwa naujua nikiwa bado getini.

KARIUKI: Mimi hiyo sikubali, dada. Kuhukumu kwa mwili, sisi wawili tunaoishi nchi hii tunajua inaanzia wapi.

HAWA: Usilinganishe. Kaka, tafadhali, hapo umenigusa vibaya. Mtu si mbwa, na mimi mweusi ninayeingia nyumba ya mtu asiyetaka kunisikia, mimi ndiye niko chini kwenye stori hii. Si Princess.

KARIUKI: ...Sawa. Lakini bado sikubali.

HAWA: Usikubali. Mimi pia sikubali.

KARIUKI: Msikilizaji mmoja ametuma voisi sasa hivi, yuko Muscat, anasema mjomba wake Pemba alikuwa na mbwa anaitwa Deni Langu.

HAWA: (anacheka) Mungu wangu. Deni Langu njoo!

KARIUKI: Halafu anaita akipita nani?

HAWA: Akipita mdaiwa, nani tena! Kila siku. Huyo alilipwa tu, hakuna mtu anaweza kuvumilia hilo.

KARIUKI: Mwingine, huyu ni wa Eldoret, mbwa ni Polisi. Mama anatoka nje anapiga kelele Polisi, Polisi, majirani wote wanafunga milango.

HAWA: Jamani saa ngapi? Nina shifti ya usiku.

KARIUKI: Na yale mambo matatu hatujagusa hata moja. Nilikuwa nimeandika, kuuliza ofisi kabla ya kwenda, kukataa kwa maandishi...

HAWA: Hayo yangetaka kipindi kizima, na basi langu haliningoji. Yaweke. Makea mnaosikiliza, tutumieni ofisi zenu zinawaambia nini mkikuta mbwa ndani hajafungiwa, nataka kusikia kwa sauti zenu.

KARIUKI: Na majina, tumeni majina.

HAWA: Na majina. Natoka kaka, kata hapo.