Posho ya Kuhama Kikazi Marekani: Kodi Yake Anabeba Nani?

Ndugu wasikilizaji, mada ya leo ni posho ya kuhama, yaani fedha anazotoa mwajiri ili mfanyakazi atoke mji mmoja na kwenda kufanya kazi mji mwingine. Nitabaki Marekani, maana sheria za huko ndizo zinazowashtua watu zaidi. Mtu anapokea barua ya ajira, anaona dola 10,000 za kuhamia, anafurahi na kusaini bila kuuliza kama hizo ni kabla ya makato au baada ya makato. Mhadhara wote uko hapo.

Kwa sheria ya shirikisho, posho hii ni mshahara. Iwe imetolewa kwa mkupuo, iwe umerudishiwa ulichotumia kwa kuonyesha stakabadhi, au kampuni imewalipa wenye lori la mizigo moja kwa moja, hesabu ni ileile. Hiyo njia ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Hukushika hata senti, lakini Januari fomu W-2, yaani taarifa ya mwaka ya mshahara na makato yako, inakuja na mshahara mkubwa kuliko ulioingia benki, kwa sababu gharama ya lori imejumlishwa kwenye kisanduku cha 1 (mshahara unaotozwa kodi ya mapato) na, kwa kawaida, cha 3 (wa hifadhi ya jamii) na cha 5 (wa Medicare, bima ya afya ya wazee) pia.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Hadi mwisho wa 2017, kusafirisha vyombo na nauli ya familia havikutozwa kodi, ilimradi kazi mpya iwe mbali na nyumba ya zamani kwa angalau maili 50 kuliko ilivyokuwa kazi ya zamani, na mfanyakazi afanye kazi kwa muda wote wiki 39 katika miezi 12 baada ya kuhama. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ilisimamisha nafuu hiyo kuanzia 2018 hadi 2025. Wapo waliokuwa wakiihesabia 2026 kwa vidole. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeiondoa moja kwa moja, isipokuwa kwa wanajeshi walio kazini wanaohamishwa kwa amri na, kuanzia 2026, watumishi wa idara za ujasusi. Ukikuta maelezo kwenye intaneti yanayotaja maili 50 na wiki 39, tazama kwanza yaliandikwa lini.

Wanaohamishwa kutoka Uingereza wasije na kanuni za kwao. Kule pauni 8,000 za kwanza za gharama zinazokubalika hazitozwi kodi. Marekani hakuna kiwango cha namna hiyo.

Sasa hesabu. Mwajiri mwema anasema: nataka zikufikie dola 10,000 kamili, kodi nitabeba mimi. Kodi ya mapato ya shirikisho kwenye malipo ya ziada kama haya kwa kawaida hukatwa asilimia 22 (yakivuka dola milioni moja kwa mwaka, kinachozidi hukatwa 37). Ongeza asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii na 1.45 ya Medicare. Jumla ni 29.65. Mhasibu mwenye haraka anazidisha 10,000 kwa asilimia 29.65, anaongeza dola 2,965, na kuandika 12,965. Amekosea, kwa sababu hizo 2,965 nazo ni mshahara na zinatozwa kodi. Makato ya 12,965 ni dola 3,844.12, na zinazobaki mkononi ni 9,120.88. Mfanyakazi kapunjwa dola 879 na mwajiri anaamini ametimiza ahadi.

Njia sahihi ni kugawanya. Moja toa 0.2965 ni 0.7035, 10,000 gawanya kwa 0.7035 unapata 14,214.64. Kata asilimia 29.65 hapo, zinabaki 10,000. Kama jimbo nalo linakata asilimia 5, unagawanya kwa 0.6535 na jumla inapanda hadi 15,302.22. Mwajiri asisahau kwamba naye analipa asilimia 7.65 kutoka mfukoni mwake juu ya jumla hiyo yote, si juu ya 10,000.

Kuna jambo dogo hapa ambalo hukosewa pande zote mbili. Makato ya hifadhi ya jamii yana kikomo, na kwa 2026 ni mshahara wa dola 184,500. Aliyekwisha kuvuka kikomo hicho hakatwi tena ile 6.2, kwa hiyo kuiweka kwenye hesabu yake ni kumpa fedha ya bure.

Hata hesabu ikiwa sahihi, ile 22 ni makato tu. Kodi yenyewe hujulikana mwakani wakati wa kujaza ritani, yaani tamko la kodi la mwaka. Mtu ambaye dola zake za juu zinatozwa asilimia 32 atadaiwa nyongeza ya asilimia 10 ya zile 14,214.64, yaani kama dola 1,421, mwezi Aprili, wakati posho imeshaisha kwenye kodi ya pango. Kampuni zenye uzoefu hukokotoa upya mwisho wa mwaka kwa kutumia kipato halisi. Nyingine hukataa, na mimi naona huko ni kubana kusikostahili. Ulizeni mapema, na jibu liandikwe.

Majimbo yana mambo yake. Machache, New York likiwemo, hayakufuata sheria ya 2017 katika hili, kwa hiyo kipato kinachotozwa na jimbo kinaweza kuwa kidogo kuliko cha shirikisho. Usidhani ni kosa.

Je, kuna njia halali za kuepuka kodi hii? Zipo mbili zinazofaa kutajwa. Ya kwanza ni kazi ya muda. Kama inatarajiwa kihalisia kuisha ndani ya mwaka mmoja na kweli ikaisha, na makazi yako ya kikazi, yaani mji wa kazi yako ya kawaida, yakabaki palepale, gharama ni za safari ya kikazi na hurudishwa kwa stakabadhi bila kodi. Lakini matarajio yakibadilika mwezi wa nane na ikaonekana utavuka mwaka, kuanzia siku hiyo kila senti inatozwa. Barua ya kuongeza muda ndiyo ushahidi, na ina tarehe.

Ya pili ni nyumba. Mwajiri akikurudishia kamisheni ya dalali, huo ni mshahara. Lakini kampuni ya uhamisho ikiinunua nyumba yako kwanza kwa niaba ya mwajiri, kisha ikamuuzia mnunuzi wa nje, mauzo hayo ni mawili tofauti na gharama ya mauzo ya pili si mapato yako. Huharibika pale mfanyakazi anaposaini mkataba na mnunuzi wa nje au kupokea arabuni. Karatasi hiyo moja inayageuza mauzo mawili kuwa moja.

Mwisho, kurudisha posho. Mikataba mingi inamdai anayeacha kazi kabla ya mwaka mmoja au miwili. Ukirudisha ndani ya mwaka uleule wa kalenda, mwajiri hurekebisha makato yote, na kwa kawaida unarudisha kile ulichopokea. Ukivuka Desemba 31, unadaiwa jumla ya kabla ya makato: 14,214.64, ingawa ulishika 10,000. Mwajiri anaweza kurekebisha hifadhi ya jamii na Medicare kwa fomu W-2c, ile ya kusahihisha W-2, lakini kisanduku cha 1 hakishuki. Kodi ya mapato unaifuatilia mwenyewe kwenye ritani ya mwaka uliorudisha, na nafuu hiyo ipo tu kama kiasi kinazidi dola 3,000. Kwa hiyo anayepanga kuondoka majira hayo alipe deni Desemba, asingoje Januari.