Usishushe Giaboksi Kabla Hujaangalia Bushi

Haya jamani, salamu zimetosha. Nyote hapa mna van au mnaendesha van, kwa hivyo sitakaa kuwaeleza giaboksi ni kitu gani. Nimekuja kurudia lile lile ninalosema kila siku: leva ya gia ikilegea, ikawa inacheza huku na huku mpaka dereva hajui nyutro iko wapi, msikimbilie kushusha giaboksi. Angalieni bushi kwanza, vile vipete vidogo vinavyoshika ncha za kebo za leva!

Kwenye hizi van za Toyota HiAce za zamani injini iko chini ya kiti na giaboksi iko nyuma yake, leva haiigusi kabisa. Kuna kebo mbili, moja inachagua laini, yaani safu ya gia, kushoto na kulia, ya pili inasukuma mbele na nyuma. Zile zenye leva kwenye usukani zina fito za chuma, habari ni ile ile. Kwenye ncha kuna vijibushi vya plastiki, vidogo tu. Vikiliwa na vumbi na joto tundu linapanuka, pini inacheza ndani, na kule kucheza kidogo huko chini ukija juu kwenye kirungu cha leva kumeshakuwa kiganja kizima.

Sasa hebu chukueni kivuko cha Likoni hapa Mombasa, maji yamekupwa. Feri imetua, ile njia ya kupandia imesimama kama ukuta, van imejaa viazi na vitunguu vya soko la Kongowea inakwenda Ukunda. Dereva anatafuta gia ya kwanza anapata ya tatu, maana zote mbili ziko juu na zimepakana, na bushi ya ile kebo ya kuchagua imekwisha, haimfikishi kwenye laini yake. Gari inatetemeka, inazima, inarudi nyuma, na nyuma kuna mikokoteni na akina mama na watoto wa shule wanatembea kwa miguu. Utingo anaruka na jiwe la tairi. Watu wote wanamtukana dereva, na yule kijana wala hana kosa! Jioni tajiri mwenye gari anaambiwa giaboksi imekufa, inashushwa, inafunguliwa, inatiwa spea, inarudishwa, leva inacheza vile vile kwa sababu hakuna aliyegusa bushi. Hili linaniuma sana, pesa ya karo ya watoto inaishia hapo.

Kupima ni rahisi. Zima injini, weka magogo kwenye tairi, mmoja akae kwenye kiti atie gia polepole, mwingine aingie chini na tochi aangalie ule mkono wa giaboksi unaovutwa na kebo. Leva ikisogea na mkono haujasogea, basi ugonjwa uko hapo katikati ya leva na giaboksi, hauko ndani.

Najua mtu ataniambia, fundi, tukifunga waya au mpira wa tyubu si gari inafika? Inafika leo. Lakini waya unasaga pini, na ukija kununua bushi mpya haikai, pini imeshakuwa nyembamba. Mwingine anachongesha ya shaba, nayo bila grisi inakula pini hiyo hiyo, afadhali uchongeshe ya nailoni. Na ukishatia bushi mpya, leva iwe nyutro na giaboksi iwe nyutro ndipo urekebishe urefu wa kebo, usikaze tu ukaondoka.

Kebo zenyewe, hii hewa ya chumvi yetu inazila, vile vimpira vya ncha vikipasuka maji yanaingia, waya wa ndani unashika kutu, leva inakuwa nzito. Badilisha, usilazimishe. Na gia zikiingia vizuri injini imezimwa halafu ikiwaka zinakwaruza, hiyo angalieni klachi, si leva. Na viganja vyenu msivipumzishe juu ya leva mkiendesha, nimeshasema.

Gia inayojitoa yenyewe barabarani ni habari nyingine, leo muda hautoshi. Wenye magari hapo nje, fungueni milango, nani ana tochi?