Nyota, Kashata na Pango la Udongo
Mhadhara kwa wazazi na watoto, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Mbeya

Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Watoto, hamjambo? Sogeeni huku mbele, maana maneno haya ni yenu kuliko ya wakubwa.

Nimeombwa nizungumzie mapambo na vitafunwa vya Krismasi vya kutengeneza nyumbani. Nitaanza na nyota. Mwalimu mmoja wa shule ya bweni ya Wamoravian kule Niesky, Ujerumani, miaka ya 1830, alitaka wanafunzi wake waelewe jiometri. Akawapa karatasi, wakakunja maumbo yenye ncha, wakayaunganisha, ikatokea nyota. Watoto walikwenda nayo makwao, na familia zikashika desturi ya kuiunganisha siku kama ya leo, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wamisionari wa Kimoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, nyota ile ilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne. Kiwanda chake pale Herrnhut, mji wa Wamoravian huko huko Ujerumani, kilikuja baadaye. Kwa hiyo mzazi akiniambia mapambo ni mambo ya wenye pesa za dukani, humkumbusha kwamba hili lilianzia mikononi mwa mwanafunzi na karatasi yake.

Nyota ya Herrnhut ina ncha 25, na mtoto wa darasa la pili hataiweza. Ya leo ina ncha 8, ni ya kubandika dirishani. Kateni karatasi laini za rangi vipande 8 vya mraba, kila upande sentimita 10. Kunja kipande kona kwa kona, kifungue, mkunjo ubaki katikati. Sasa chukua kingo mbili zinazokutana kwenye kona moja ya mkunjo huo, uzilaze zote mbili juu ya mkunjo. Umepata kishada, kama kile mnachorusha uwanjani. Fanya hivyo vyote 8. Kisha vibandikeni kimoja juu ya kingine, ncha kali zitazame nje, kona pana zikutane katikati, na ukingo wa kila kipande ulale juu ya mkunjo wa kati wa kilichotangulia. Cha 8 kitaingia chini ya cha kwanza. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, basi. Asubuhi jua likipiga dirisha, pale karatasi zilipopandana rangi hukolea, na ndani ya nyota mtaona nyota nyingine.

Pambo la pili ni la unga wa chumvi: ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kikombe 1, yamiminwe kidogo kidogo. Kanda kama unga wa chapati, sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, toboa tundu la uzi kwa mrija wa soda. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mwaka wa kwanza niliwaliza wanangu. Tulianika mapambo yetu nje, yakaonekana yamekauka, tukayatundika. Mvua zetu za Desemba mnazijua. Chumvi huvuta unyevu hewani, na baada ya wiki moja malaika wote walikuwa wamelegea. Tangu hapo nayakausha ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkaa kidogo sana, saa mbili au tatu, nikiyageuza. Yakipoa watoto wanapaka rangi, na rangi ikikauka mimi napaka vanishi mbele na nyuma.

Kuhusu mti sina mengi. Tawi la msipresi kwenye ndoo ya kokoto na maji linatosha; ndugu zetu wa Dar es Salaam wanatumia mvinje. Mkitaka shanga nyeupe za kuuzungushia, tungeni bisi kwa sindano, ila zilale usiku mmoja kwanza. Bisi za moto huvunjika.

Kashata za karanga ni kazi ya kugawana. Watoto wachambue na kupepeta karanga zilizokaangwa, na kutwanga hiliki. Sukari ni ya mtu mzima, kwa sababu sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko maji ya moto, tena inang'ang'ania ngozi. Vikombe 2 vya karanga kwa kikombe 1 cha sukari. Yeyusha sukari kavu kwa moto mdogo mpaka iwe rangi ya asali, tia karanga na hiliki, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata ingali moto. Ukichelewa utavunja kwa nyundo.

Na pango, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu. Mwaka 1223 Fransisko wa Asizi alitengeneza hori la Noeli pale Greccio, Italia, akaweka nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Mtoto Yesu. Watoto wetu wanajua kufinyanga ng'ombe wa udongo kabla hawajajua kuandika. Waacheni wafinyange. Ng'ombe awe na nundu, kama wa kwa babu. Paa liwe la majani makavu ya mgomba.

Jambo moja naliomba kwenu wazazi, tena kwa moyo wote. Msifanye haya yote usiku wa tarehe 24, mama peke yake, watoto wamelala. Nimeona nyumba nyingi zilizopambwa vizuri hivyo, na mtoto akiulizwa nani ametengeneza, hana la kusema. Tuna Jumapili 4. Leo nyota, wiki ijayo unga wa chumvi, ya tatu udongo, maana unahitaji siku za kukauka, na kashata mwishoni zisije zikaisha kabla ya sikukuu. Pambo la mtoto likikaa upande, liacheni upande.

Karatasi ziko meza ile ya dirishani, mikasi ni 6, mtapokezana. Wadogo wakae na baba zao. Uji wa gundi umeshapoa.