Nyanya Masalo za Kibuye: Jinsi ya Kuzichagua na Kuzipika Zikawa Nzito

Hamjambo, karibuni tena jikoni kwangu hapa Kisumu. Leo ni masalo, zile nyanya zilizolainika, zilizopasuka, zenye vinundu, ambazo watu huziruka wakikimbilia ngumu. Ngojeni nisogeze simu, naona mnaangalia dari. Haya.

Hizi nimezitoa Kibuye leo Jumapili jioni, wauzaji wakianza kufunika. Karai lote, shilingi 150. Nyanya iliyolainika leo kesho ni maji, na mama anayeuza anajua hivyo kuliko wewe. Kwa hiyo usimkamue bei mpaka akose nauli. Uliza tu, "Mama, kuna masalo?"

Na ubebe chombo chako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na ukitumia wa kitambaa, utamlowesha jirani kwenye matatu mgombane hadi Kondele.

Kabla hujalipa, ingiza mkono hadi chini. Za juu huwa ni za salamu. Iliyolainika, chukua. Iliyopasuka lakini ndani bado nyekundu, chukua. Yenye ukungu, hata kama ni upande mmoja, acha. Nyanya ina maji mengi, ukungu hupenya usikouona, na kukata kipande hakusaidii. Inayonuka kama pombe, acha pia. Tena msije mkapeleka hesabu hii ya kuchukua zilizoharibika kidogo kwenye karanga! Karanga yenye ukungu inaweza kuwa na aflatoksini, sumu ya ukungu, na ukaange usikaange, haiishi.

Osha, kata, tia sufuriani bila maji, hilo mnalijua. Zikilegea, pitisha kwenye chujio. Maganda ni ya kuku. Wako mlangoni tayari, mnawasikia.

Sasa tusikilizane. Mwanzoni moto mkali ni sawa. Ikianza kuwa nzito na kurusha matone... ona, imefika kwenye kamera, subirini nipanguse. Ikianza kurusha hivi, punguza moto. Toa makaa mengine kabisa. Usiende kuchungulia nani anabisha hodi. Koroga mwiko ukigusa chini, mpaka pembeni, kwa sababu hushika kimyakimya, na ladha ya kuungua ikishaingia haitoki hata uweke sukari. Ukisikia harufu, usikwangue! Narudia, usikwangue. Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, iliyoshika iache hukohuko. Nimesema mpunguze moto? Punguzeni tena.

Imeiva ukivuta mwiko chini na njia ikabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Hiyo hapo... mvuke umeziba, haya, hiyo hapo. Chumvi ni sasa. Ukiitia mwanzoni, nyanya inapungua na chumvi inabaki yote. Dania mimi siweki, naiweka siku ya kupika mboga. Na msiilaze kwenye sufuria ya aluminiamu usiku kucha, asidi ya nyanya huila.

Ipoe, iingie kwenye mikebe midogo, iende friza. Una friji tu? Pika ya siku mbili tatu. Huna friji? Nunua fungu dogo, pika leo, kula leo. Usijaze kwenye chupa kuukuu ukaifungia kabatini. Kuna bakteria wanaostawi pasipo hewa, na sumu yao unaweza usiione wala usiinuse. Nyanya ya kukaa kabatini inataka kuongezwa asidi na chupa kuchemshwa kwa muda uliopimwa. Hiyo nitaifanya peke yake, si kwa haraka hivi.

Mkebe mmoja kama huu unatosha omena ya watu wanne, na mimi omena isiyo na nyanya ya kutosha huwa naisogeza kando ya sahani. Mikebe ndiyo ninayouza, ina vifuniko vinavyobana. Andikeni hapo chini idadi na rangi. Kondele na Nyalenda naleta kwa bodaboda kesho, watu wa Ahero mnisubiri hadi Alhamisi. Bluu zimeisha.