Waifai ya Jirani na Sheria za Uingereza

Asalaam aleykum, ndugu zangu mlioko nyumbani, na karibuni tena. Leo nazungumza nanyi kutoka hapa London juu ya jambo ambalo wageni wengi, hasa wanafunzi, hulichukulia kwa wepesi, nalo ni kutumia intaneti ya jirani bila ya ruhusa yake.

Mgeni akishafika hupanga chumba katika nyumba inayochangia ukuta na nyumba ya pili. Akiwasha simu, orodha ya mitandao ya majirani inajipanga kwenye kioo, na pengine mmojawapo hauna nenosiri, au mpangaji aliyehama amemwachia nenosiri la mtandao wa jirani. Kuunganishiwa laini yake mwenyewe kunahitaji mkataba na akaunti ya benki, ambayo huenda bado hajaipata. Hali hiyo naielewa sana. Hata hivyo, mbele ya sheria kinachotazamwa ni ridhaa ya mwenye mtandao, awe ameufunga au ameuacha wazi.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 kinamtia hatiani mtu anayejipatia huduma ya mawasiliano kwa njia isiyo ya uaminifu, akikusudia kukwepa malipo yake, na adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 5. Kwa hiyo simu iliyojiunganisha yenyewe bila mwenyewe kujua haimfanyi mtu kuwa mhalifu. Tatizo linaanza pale anapojua na kuendelea. Mwaka 2005 mahakama moja ya magharibi mwa London ilimtoza mtu faini ya pauni 500 kwa kosa hili, na kompyuta yake ikachukuliwa.

Kesi inayonigusa zaidi ni ya Redditch, mji mmoja wa hapa Uingereza, mwaka 2007. Majirani waliona gari limeegeshwa, madirisha yamezibwa kwa maboksi, na ndani yake mtu anatumia kompyuta, wakawaita polisi. Hakufikishwa mahakamani, bali alipewa onyo rasmi la polisi. Msilidharau onyo hilo, ndugu zangu, kwa sababu anayeomba uraia wa nchi hii huulizwa si hukumu za mahakama tu bali pia maonyo ya polisi, na anayeficha hujiongezea kosa la udanganyifu. Mwenyeji akipewa onyo hurudi kazini kesho yake, lakini kwa mgeni jambo hilo hilo linaweza kuitia doa safari aliyochangiwa na ukoo mzima.

Wala msidhani kwamba jirani hana njia ya kujua. Akifungua ukurasa wa mipangilio ya rauta yake, yaani kifaa kinachorusha waifai, ataona vifaa vyote vilivyounganishwa, na mara nyingi kila kimoja kinaonekana kwa jina ambalo mwenyewe alikipa, hata kama ni jina lake la kwanza.

Upo pia upande wa mwenye mtandao, nao unanisikitisha. Anwani ya intaneti, yaani namba inayoitambulisha laini mtandaoni, inawapeleka polisi kwa aliyesajili laini, hata kama aliyeitumia ni mwingine. Mwaka 2011, mjini Buffalo nchini Marekani, maafisa walivamia nyumba ya mtu wakimshuku kupakua picha za udhalilishaji wa watoto, kumbe aliyezipakua ni jirani aliyejiunganisha na waifai yake isiyo na nenosiri.

Walioko Tanzania nao wasijione wako mbali na haya, kwani kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na faini yake inaanzia shilingi milioni 3.

Basi anayehitaji na agonge mlango, ajitambulishe, aombe, na akikubaliwa aombe ridhaa hiyo kwa ujumbe wa simu ili ibaki kwa maandishi. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni ambao jirani anaweza kuuwasha bila kutoa nenosiri lake. Akikataa, maktaba za mitaa hapa hutoa intaneti bure, na laini ya simu ya malipo ya kabla hununuliwa dukani bila mkataba.