Bastola Ninayoivaa Kifuani Nikienda Kuvua Alaska, na Jinsi Nilivyoichagua

Ndugu zangu watazamaji, shikamooni wazee wangu, nanyi wengine habari za huko nyumbani. Katika video iliyopita niliwaonyesha tunavyovua samaki aina ya samoni katika mto Russian, hapa Alaska, nami nilidhani mtashangazwa na baridi ya maji au ukubwa wa samaki. Kumbe kilichowashtua wengi ni bastola iliyokuwa imefungwa kifuani mwangu. Mama alinipigia simu kutoka Ifakara usiku uleule akaniuliza, "Mwanangu, umeingia jeshi gani?" Ninaelewa kwa nini aliuliza hivyo, kwa sababu kwetu bastola tumezoea kuiona kiunoni mwa askari, na raia akionekana nayo watu huanza kunong'ona. Bastola ile ni kwa ajili ya dubu. Leo nataka nieleze nilivyoichagua, kwa kuwa najua wapo Waswahili wenzangu waliohamia Alaska na Montana ambao wameanza kuuliza wanunue ipi, na majibu wanayopewa madukani ndiyo yaleyale yaliyonipoteza mimi.

Nianze na mnyama mwenyewe. Alaska inakadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 30,000 na dubu weusi wapatao 100,000, na majira ya kiangazi, samoni wanapopanda mito kwenda kutaga, dubu nao hushuka mitoni kuwala. Maana yake ni kwamba mvuvi na dubu hukutana mahali pamoja, wiki zilezile, wakimtafuta samaki yuleyule. Dubu wa kahawia anaweza kukimbia kilomita zaidi ya 50 kwa saa. Ukilifanyia jambo hilo hesabu, utaona kwamba anayetokea kichakani mita 30 kutoka ulipo anakufikia kwa muda wa sekunde mbili hivi. Nawaomba mzishike sekunde hizo mbili, kwa sababu uamuzi wangu wote wa bastola ulitoka hapo.

Marehemu baba yangu alitulea katika bonde la Kilombero, ambako mtu hupita kwenye matete akijua kwamba kiboko au nyati anaweza kuwa mbele yake. Hakuwa na bunduki. Mwenye bunduki alikuwa Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, naye alikuwa mbali. Baba alitufundisha kusema kwa sauti tunapopita, kuimba, kupiga makofi, ili mnyama atusikie mapema na apate nafasi ya kuondoka. Nilipofika hapa nikakuta wenyeji wanafundisha jambo lilelile kabisa: piga kelele kwenye kona za njia na karibu na maji yenye kishindo, tembeeni kwa kundi, na usiache chakula ovyo. Pale mto Russian kuna agizo kwamba mfuko wako, chakula chako na samaki wako viwe karibu nawe kila wakati, na wavuvi huombwa kukatakata mabaki ya samaki vipande vidogo na kuvitupa kwenye maji yaendayo kasi, ili dubu asijifunze kwamba penye watu pana mlo. Mtu asiyefanya haya akanunua bastola anakuwa amenunua mwisho wa safari bila kuianza.

Baada ya kelele na usafi kuna dawa ya pilipili. Hili ni kopo la kupulizia lenye kapsaisini, ile nguvu iwashayo ya pilipili, na hutoa wingu linalofika mita saba na zaidi. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa matukio 83 ya hapa Alaska ambamo watu walitumia kopo hilo, wakaona kwamba liliwazuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio yaliyowahusu, na kwamba kati ya watu wote waliokuwa nalo asilimia 98 hawakujeruhiwa. Mwaka 2012 wakachapisha uchunguzi mwingine, wa matukio 269 ya watu waliokuwa na bunduki au bastola, ambamo bastola zilifaulu kwa asilimia 84 na bunduki ndefu asilimia 76. Si haki kuzilinganisha namba hizo kana kwamba ni mbio za uwanjani, kwa maana mazingira ya matukio hayakuwa sawa, na katika mengi ya yale ya pilipili dubu alikuwa anachungulia tu wala hakuja kwa hasira. Hata hivyo mimi nimezisoma mara nyingi na msimamo wangu ni huu: kopo ndilo la kwanza kwangu, linakaa kiunoni upande wa kulia, na anayeweza kubeba kitu kimoja tu nitamshauri abebe hilo.

Kwa nini basi nimeongeza bastola? Kwa sababu ya upepo. Mtoni upepo hupita bondeni kama ndani ya bomba, na siku ambayo unavuma kutoka kwa dubu kuja kwako, wingu la pilipili litakurudia wewe usoni. Ipo pia mvua kubwa, na lipo hema, ambamo ukipuliza pilipili unajifungia nayo. Bunduki ndefu ina nguvu kuliko bastola yoyote, na wanaofanya kazi za porini hapa wengi hubeba hiyo, lakini mimi mikono yangu yote miwili imeshika fimbo ya kuvulia, kwa hiyo bunduki itakuwa imelala ukingoni hatua kumi nyuma yangu wakati ninapoihitaji. Silaha ya mvuvi lazima iwe mwilini mwake.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilikwenda dukani nikasema nataka ya dubu, na muuzaji, mtu mpole ambaye nina hakika alinitakia mema, akaniwekea mkononi rivolva ya .44 Magnum, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na matundu sita ya risasi; hiyo .44 Magnum ni jina la risasi yake, ambayo ni nene na yenye nguvu. Hiyo ndiyo inayosifiwa Alaska tangu miaka ya 1950 ilipotoka, na kuna zilizo kubwa kuliko hiyo, kama .454 Casull na .500 ya Smith & Wesson iliyotolewa mwaka 2003. Nikainunua. Kwenye uwanja wa shabaha risasi ya kwanza ikapata karatasi. Ya pili ikapita juu. Kufikia ya nne nilikuwa nafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, kifundo cha mkono kinauma, na mtutu unainuka angani kiasi kwamba kuurudisha kwenye shabaha kulinichukua muda ambao ule dubu wetu wa mita 30 angekuwa ameshanifikia. Nilijilazimisha wiki nyingi. Nilidhani ni woga utakaopita, kumbe mwili wangu ulikuwa unajifunza kuogopa silaha yangu mwenyewe, na kadiri nilivyopiga ndivyo nilivyozidi kukosa.

Mwalimu mama mmoja wa pale uwanjani ndiye aliyenitoa hapo. Aliniambia nisahau jina la risasi, nijibu swali moja: ni bastola ipi ninayoweza kuitoa kwenye ala yake na kupata shabaha yenye ukubwa wa sahani ya chakula, umbali wa mita saba, mara mbili, ndani ya sekunde tatu, nikiwa nimevaa glavu zilizolowa? Tukaazima kadhaa na kuzijaribu. Vijana wengi hapa sasa wanapenda Glock 20, bastola ya magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingizwa ndani ya mpini, yenye risasi za unene wa milimita 10 na inayobeba 15, nao wana sababu nzuri, kwa maana ni nyepesi, inapiga haraka, na hata doria ya Sirius ya jeshi la Denmark kule Greenland huibeba kwa ajili ya dubu wa barafuni. Mume wangu ndiyo aliyoichagua. Lakini mpini wake ni mnene, na vidole vyangu havikufika vizuri kwenye kifyatulio bila kuigeuza mkononi, na bastola uliyoishika upande hupiga upande.

Iliyonikaa ni rivolva ya .357 Magnum, ya chuma cha pua, mtutu wa inchi nne, uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Uzito huo ambao dukani niliuona kasoro ndio unaomeza teke lake, yaani ule msukumo unaorudi mkononi ukipiga. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya .44, sikatai, nami nisingependa mtu aseme nimesema zinalingana. Ila risasi ya .357 inayompata dubu ni bora kuliko ya .44 inayopata mti. Tena ina jambo ambalo wanawake wenye mikono midogo na mifuko midogo tunapaswa kulijua: rivolva ya .357 hupiga pia risasi za .38 Special, ambazo ni laini na nafuu zaidi, kwa hiyo nafanya mazoezi mengi kwa hizo, kisha namalizia kwa chache za nguvu kamili. Na likitokea la kutokea, dubu akawa juu yangu nami nikaugandamiza mtutu mwilini mwake, rivolva itapiga, wakati bastola ya magazini ikisukumwa hivyo sehemu yake ya juu inaweza kurudi nyuma kidogo na kukataa. Risasi moja ikigoma, navuta tena na silinda inaleta nyingine.

Kuhusu risasi zenyewe niseme kwa msisitizo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na bastola nzuri. Risasi za kujikinga na binadamu huwa na tundu nchani ili zipanuke na kusimama mapema. Dubu ana manyoya, mafuta, misuli mizito ya bega na mfupa nyuma yake, na risasi ya kupanuka inaweza kuishia njiani. Ya dubu iwe ya madini yaliyogumishwa, yenye ncha bapa, inayokwenda ndani moja kwa moja. Mwaka 2016 mwongoza wavuvi mmoja mzoefu wa Alaska alimwua dubu wa kahawia kwa bastola ya milimita 9 tu, ambayo wengi huiita ya mjini, akitumia risasi za aina hiyo. Sisemi mkainunue milimita 9. Nasema aliijua silaha yake na aliweka risasi inayofaa.

Ala ya kifuani nayo ina sababu. Nikiwa ndani ya suruali ndefu ya mpira, maji yakinifika kiunoni, bastola ya kiunoni iko chini ya maji, na nikibeba begi mkanda wake unaifunika. Kifuani naifikia kwa mkono wowote, hata nikiwa nimeanguka chali. Nyumbani inakaa ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, kwa maana nina watoto wawili, na mtu asiye tayari kununua kasha asinunue bastola.

Nawageukia ndugu zangu mlio Marekani kwa viza ya masomo au matembezi: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bastola na hata risasi, kuna misamaha michache tu, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na jambo hilo mwulizeni wakili kabla ya kugusa chochote. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua akifikisha miaka 21 na akipita ukaguzi, na hapa Alaska tangu mwaka 2003 hahitaji kibali cha kuibeba, lakini kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata yeye. Anayekuja Alaska kwa gari ajue kwamba atapita Kanada, ambako hataruhusiwa kupita na bastola ya kujikinga na wanyama. Anayekuja kwa ndege asilete kopo la pilipili, hata kwenye begi la mzigo. Atalinunua akifika.

Mama aliniuliza swali la mwisho ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: ukimwua, nyama ni ya nani? Mama, sheria ya Alaska inaniruhusu kumwua dubu kwa kuokoa maisha, mradi sikumchokoza wala sikumvuta kwa uchafu wangu, lakini hatakuwa wangu. Natakiwa nimchune pale pale, ngozi ikiwa na kucha zake, nitoe na fuvu, nivikabidhi kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na ndani ya siku 15 niandike maelezo ya yote yaliyotokea. Nimevua mto ule misimu mitatu nikiwa na bastola hii. Nimewaona dubu kumi na moja, nimeshika kopo mara mbili bila kulipuliza, na bastola sijaitoa kwenye ala yake isipokuwa uwanjani, ambako naenda kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na kesho kutwa ndiyo siku yake.