Ndege aliyebaki kwenye karatasi

Jamani kabla sijasema lolote naomba muangalie hiyo picha hapo ukutani. Ndege wa kahawia, hana makeke yoyote, ukimkuta mtini unampita tu kama hujamuona. Amechorwa 1774 kisiwa cha Raiatea, jirani na Tahiti huko Bahari ya Pasifiki, na kijana mmoja anaitwa Georg Forster. Sasa huyo ndege hayupo tena duniani, wanaotuhumiwa sana ni panya walioshuka na meli, na sio hivyo tu, hata ngozi yake haipo, mfupa haupo, unyoya mmoja wa kuweka makumbusho haupo. Hiyo karatasi iliyoko London ndo ndege mwenyewe.

Georg alipanda Resolution, meli ya Kapteni Cook, yule baharia Mwingereza, kwenye safari yake ya pili 1772 akiwa na miaka 17, kamfuata baba yake, Johann Reinhold, mzee ndo mtaalamu anaandika maelezo, dogo anachora. Na kazi yenyewe ni ya kukimbizana, maana ndege akishapigwa risasi manyoya yanatunza rangi ila macho, mdomo na miguu vinapauka haraka, asubuhi jicho linang'aa jioni limekuwa kama la samaki wa juzi sokoni. Mimi nilijaribu kumchora jogoo wa nyumbani, mzima, katulia kivulini, na bado miguu ilinishinda, sasa fikiria meli inayumba, karatasi zina unyevu wa chumvi, na ndege wa pili ameshaletwa mezani.

Kabla ya hapo, safari ya kwanza ya Cook ilikuwa na Sydney Parkinson, mchoraji aliyeajiriwa na tajiri Joseph Banks. Walipofika Tahiti 1769 nzi walikuwa wanakula rangi kwenye karatasi, yaani anapaka wao wanalamba, na kama anachora samaki kumfukuzia nzi ni kazi kuliko kumchora. Ikabidi meza, kiti, mchoraji na michoro vyote viingie ndani ya chandarua! Wakategesha na sahani ya lami na molasi humo ndani ili wanase, haikusaidia, sahani ikawekwa nje ya hema isafishwe, basi mtu mmoja wa pale akachota ule mchanganyiko kimyakimya akajipaka kidonda cha kwenye kalio. Msicheke, Banks mwenyewe kaandika. Kaandika pia namna ya kupika albatrosi, yule ndege mkubwa wa baharini, unamchuna, unamlowesha usiku kucha kwenye maji ya chumvi, unamchemsha, unamwaga yale maji halafu ndo unamuunga. Parkinson hakurudi kwao, aliugua kuhara damu baada ya kupita Batavia, ndo Jakarta ya leo, akafia baharini Januari 1771.

Turudi kwa Georg. Kuna na njiwa wa kisiwa cha Tanna, Vanuatu ya leo, naye 1774, naye kabaki mchoro tu, na hapo ndo shida ilipo maana mchoro huwezi kuupasua uone mifupa wala kuupima DNA, kama dogo alikosea kivuli cha bawa basi kosa ni letu sote mpaka leo. Na baadhi ya ndege wake ni penseli tu, rangi zimeishia njiani.

Waliporudi baba mtu madeni yakambana, 1776 michoro ikauzwa, na aliyenunua ni Banks huyohuyo wa nzi, ndo maana leo iko London. Haya, naona mkono pale nyuma, karibu dada.